Sinema haina sauti, mzazi ndiye msimuliaji

"Mama, ni kweli walikuwa wanawatupa watoto kwenye moto?"

Swali kama hilo halimpi mzazi muda wa kujiandaa. Mtoto ana simu mkononi, ameruka kutoka video moja hadi nyingine, na sasa ameduwaa mbele ya picha ya zamani isiyo na maneno. Sanamu kubwa lenye mabawa limekaa kitako. Mlango umefunguka kifuani mwake, na makuhani wanamsukuma mtoto mdogo ndani. Moto unaruka kutoka mdomoni mwa sanamu hilo.

Mzazi anaweza kumnyang'anya simu. Anaweza pia kusema "hizo ni sinema tu" na kurudi kwenye sufuria yake. Lakini mtoto ameshaona, na alichokiona kitabaki kichwani mwake kama historia.

Kipande hicho kinatoka kwenye Cabiria, filamu iliyotengenezwa katika mji wa Turin, Italia, na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza Aprili 18, 1914. Ni moja ya filamu kubwa za enzi ya sinema zisizo na sauti, ambazo wengi huziita sinema bubu, zilizojaribu kuonyesha dunia ya kale: Roma, Misri, Babeli, Yerusalemu na Karthago. Zina zaidi ya miaka 95 sasa. Nchini Marekani, filamu zilizotolewa kabla ya mwaka 1930 hazina tena hakimiliki, na nyingi zinapatikana bure mtandaoni. Ndiyo maana vipande vyake vinaingia kwenye simu za watoto bila hodi.

Habari njema ni kwamba filamu hizi ni darasa zuri kwa familia. Habari nyingine ni kwamba darasa hilo linahitaji mwalimu, na mwalimu aliye karibu ni mzazi.

Roma ilipofufuliwa na kamera

Mwanzoni mwa karne iliyopita, Waitaliano ndio walioongoza kwa filamu za mambo ya kale. Mwaka 1913 kampuni ya Cines ya Roma ilitoa Quo Vadis, iliyoongozwa na Enrico Guazzoni, ikionyesha Wakristo wa kwanza wakiteswa na mfalme Nero. Wakati ambapo sinema nyingi zilikuwa za dakika chache, hii ilichukua karibu saa mbili, na watu walipanga foleni Ulaya na Marekani kuiona.

Giovanni Pastrone wa kampuni ya Itala alitaka kitu kikubwa zaidi. Akachagua vita vya pili kati ya Roma na Karthago, vilivyopiganwa kuanzia mwaka 218 hadi 201 kabla ya Kristo. Karthago ulikuwa mji tajiri wa biashara ya baharini kaskazini mwa Afrika, katika nchi ambayo leo ni Tunisia.

Hadithi yenyewe ni ya mtoto. Cabiria ni binti mdogo wa tajiri mmoja wa Sisilia. Mlima Etna unalipuka, nyumba inaanguka, na katika kukimbia yeye na yaya wake wanakamatwa na maharamia. Wanapelekwa Karthago na kuuzwa. Cabiria anachaguliwa atolewe kafara kwa mungu wa moto aitwaye Moloki. Mroma Fulvius Axilla, aliyeko Karthago kwa kificho kama mpelelezi, anaingia hekaluni na mtumwa wake mwenye nguvu za ajabu, Maciste, na kumwokoa.

Baada ya hapo vita vinapamba moto. Hannibal anavuka milima ya Alps na tembo wake. Archimedes anachoma meli za Warumi kwa vioo. Malkia Sophonisba anakunywa sumu. Mwisho Cabiria, ambaye sasa ni msichana mkubwa, anarudi nyumbani kwa meli.

Hata mtu wa leo aliyezoea picha za kompyuta anaweza kushangaa. Ngazi, nguzo na kuta za hekalu zilijengwa kweli, na watu wamejaa mle ndani kweli. Pastrone alibuni kigari cha kubebea kamera, ili picha isogee polepole kuelekea kwa mwigizaji badala ya kusimama mahali pamoja kama mtazamaji wa jukwaani. Mtoto akiangalia kwa makini ataona ukuta ukisogea na chumba kikipata kina. Wakati huo hilo lilikuwa jambo geni.

Kwa nini Karthago ni mji wa kutisha?

Hapa ndipo mzazi anapoanza kazi.

Vita kati ya Roma na Karthago vilikuwepo. Hannibal alikuwepo, na aliwavusha tembo Alps mwaka 218 kabla ya Kristo. Waandishi wa kale wanataja tembo 37. Sophonisba naye ametajwa katika historia, na kifo chake kwa sumu kimeandikwa na Warumi wenyewe.

Lakini vioo vya Archimedes ni jambo jingine. Waandishi wa kale wanaotegemewa zaidi kuhusu kuzingirwa kwa mji wake wa Sirakusa wanaeleza mitambo yake ya kurusha mawe na ya kunyanyua meli. Vioo vya kuchoma meli hawavitaji. Hadithi hiyo ilienea baadaye sana.

Na watoto wanaotupwa motoni? Waandishi wa Kigiriki na Kirumi walidai kuwa Wakarthago walitoa watoto wao kafara. Wachimbaji wa mambo ya kale nao wamekuta Karthago eneo lenye vyungu vingi vyenye mifupa ya watoto wachanga iliyochomwa, mingine ikiwa imechanganyika na ya wanyama. Watafiti bado wamegawanyika. Wapo wanaosema ni ushahidi wa kafara. Wapo wanaosema ni makaburi ya watoto waliokufa kwa maradhi au kabla ya kuzaliwa, katika zama ambazo vifo vya wachanga vilikuwa vingi.

Sanamu lenye mlango kifuani na moto mdomoni halikuchimbwa Karthago. Lilichorwa na kujengwa kwa ajili ya filamu, kwa kuchanganya maneno ya maadui wa Karthago na ubunifu wa karne ya 19, hasa riwaya ya Mfaransa Gustave Flaubert, Salammbô, ya mwaka 1862.

Lipo jambo moja zaidi ambalo mtoto wa darasa la sita au la saba anaweza kulielewa bila taabu. Mwaka 146 kabla ya Kristo Warumi waliuteketeza mji wa Karthago. Maandishi ya Wakarthago wenyewe karibu yote yalipotea. Kwa hiyo, sehemu kubwa ya kinachosimuliwa kuwahusu kinatoka kwa waliowashinda. Wahenga walisema ngoma ivutie kwako. Kila mtu huvutia upande wake, na Karthago haikubakiwa na wa kuivutia.

Mwaka ambao filamu ilitoka nao unasema kitu. Mwaka 1911 Italia iliivamia Libya, jirani wa Tunisia, na mwaka uliofuata ikawa koloni lake. Miaka miwili baadaye watazamaji wa Turin waliketi gizani wakitazama Roma ikiushinda mji wa Afrika unaochoma watoto. Hakuna aliyehitaji kuwaambia kuwa vita vya Libya vilikuwa vya haki. Picha ilikuwa imeshawaambia.

Shujaa aliyepakwa rangi

Aliyependwa kuliko wote katika Cabiria alikuwa mtumwa Maciste. Ndiye anayembeba mtoto, anayepinda vyuma vya dirisha, anayefungwa kwa minyororo kwenye jiwe la kusagia na hata hivyo havunjiki moyo. Watoto wa leo humpenda haraka vilevile.

Katika filamu hiyo Maciste ni mtu mweusi. Aliyemwigiza, Bartolomeo Pagano, alikuwa Mtaliano mweupe, mbeba mizigo wa bandari ya Genoa, aliyechaguliwa kwa sababu ya kifua na mikono yake. Walimpaka rangi nyeusi mwili mzima.

Filamu ilipopata mafanikio, kampuni iliamua kumfanya Maciste kuwa nyota wa filamu zake mwenyewe. Mwaka 1915 akatokea tena, safari hii bila rangi: Mtaliano wa kisasa aliyevaa suti. Mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, akawa askari wa milimani anayepigania Italia. Pagano alicheza jina hilo katika filamu zaidi ya 20 hadi miaka ya 1920 ilipokuwa inaelekea mwisho.

Kwa mtoto wa Kiafrika hili si jambo dogo. Alipokuwa mtumwa anayemtii bwana wake, shujaa aliruhusiwa kuwa mweusi. Alipokuwa mtu huru na fahari ya taifa, weusi ukafutwa kwa kitambaa. Mzazi hana haja ya kugeuza jambo hili kuwa hotuba. Inatosha kumwonyesha mtoto picha mbili za mtu yuleyule na kumuuliza anaona nini. Mara nyingi watoto wana majibu kuliko tunavyodhani.

Mkono ulionyooshwa

Wapo wazazi watakaosema hayo ni mambo ya kale, hayana madhara. Mfano mmoja unaonyesha vinginevyo.

Katika Cabiria, kama katika michoro na michezo ya jukwaani iliyoitangulia, watu wa kale wanasalimiana kwa kunyoosha mkono mbele. Wengi wanaamini hiyo ndiyo saluti ya Warumi. Hata hivyo, hakuna maandishi ya Kirumi yanayoieleza saluti ya namna hiyo.

Mshairi maarufu wa Italia, Gabriele D'Annunzio, ndiye aliyelipwa fedha nyingi kuandika maneno yanayosomwa kwenye skrini katika Cabiria na kuipa filamu jina lake. Mwaka 1919 D'Annunzio huyohuyo aliongoza wapiganaji wakauteka mji wa Fiume, ambao leo ni Rijeka nchini Kroatia, na wafuasi wake wakawa wanatumia saluti hiyo. Wafuasi wa Benito Mussolini wakaichukua. Baadaye ikawa ya Wanazi wa Ujerumani.

Ishara iliyopewa nguvu na jukwaa na sinema ikawa ya mamilioni ya watu wakidhani wanarithi jambo la kale. Filamu ya historia inaweza kuanza kama burudani na kuishia barabarani.

Bahari iliyotengenezwa kwa jeli

Si kila kinachojificha nyuma ya filamu hizi ni kizito. Vingine vinachekesha, na watoto huvipenda kuliko filamu yenyewe.

Wamarekani walipoona Cabiria walitaka yao. D. W. Griffith alijenga Babeli nzima mjini Los Angeles kwa ajili ya Intolerance, filamu ya mwaka 1916 inayosimulia hadithi nne kwa mpigo, mojawapo ikiwa ya kuanguka kwa Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo. Juu ya nguzo ndefu aliweka masanamu ya tembo weupe waliosimama kwa miguu ya nyuma. Babeli haifahamiki kwa tembo wa namna hiyo. Griffith aliwataka kwa kuwa tembo walikuwa wamependeza kwenye filamu ya Waitaliano.

Majengo hayo yalibaki pale kwa miaka kadhaa baada ya kazi kwisha, yakichakaa kando ya barabara. Mwaka 2001 eneo la maduka la Hollywood likajengewa nakala za tembo hao kama pambo, na mwaka 2021 uamuzi ukafanywa wa kuwaondoa. Yaani kwa miaka 20 watalii walipiga picha na nakala ya tembo wa filamu iliyoigiza filamu nyingine.

Cecil B. DeMille naye alitengeneza The Ten Commandments mwaka 1923. Wazazi wengi wanaijua ile ya rangi ya mwaka 1956, ambayo ni ya DeMille huyohuyo. Kabla ya hiyo alikuwa ameshasimulia habari za Musa bila sauti.

Mji wa Farao ulijengwa kwenye vilima vya mchanga vya Guadalupe, pwani ya California, kwa mbao na plasta. Ulikuwa na masanamu manne ya Farao yenye urefu wa zaidi ya mita 10, na sanamu 21 za simba wenye vichwa vya binadamu. Wayahudi kutoka Los Angeles waliajiriwa kuigiza Waisraeli, na inasimuliwa kuwa chakula cha kwanza walichoandaliwa kilikuwa nyama ya nguruwe. Waliohangaika kujenga Misri ya miaka zaidi ya 3,000 iliyopita walisahau kuuliza Waisraeli walio hai wanakula nini.

Bahari ya Shamu je? Mafundi walichukua jeli, ile inayoliwa na watoto kwenye sherehe, wakaikata katikati na kuipiga picha ikiwa inayeyuka huku maji yakitiririka juu yake. Kisha wakaicheza picha kinyumenyume na kuiunganisha na ile ya watu wanaotembea. Mtoto akijua siri hiyo hatamdharau Musa. Ataanza kujiuliza siri za picha nyingine, na hilo ndilo tunalolitaka.

Kazi ilipoisha, DeMille aliamuru mji ubomolewe na kufukiwa palepale mchangani. Baadaye alitania katika kumbukumbu za maisha yake kwamba wachimbaji wa karne zijazo wasije wakadhani Wamisri walifika pwani ya Pasifiki. Mwaka 1983 watu wakaanza kweli kuutafuta, na vipande vya masanamu ya plasta vimechimbuliwa kwa uangalifu uleule unaotumika kwa vitu vya kale. Baadhi vimewekwa kwenye kituo cha maonyesho mjini Guadalupe.

Waliolipa gharama

Mtoto akifurahia mbio za magari ya farasi katika Ben-Hur ya mwaka 1925, atauliza: "Wale farasi waliumia kweli?"

Jibu la kweli ni ndiyo. Ben-Hur, iliyoongozwa na Fred Niblo na kuchezwa na Ramon Novarro, iligharimu karibu dola milioni 4, na inahesabiwa kuwa filamu bubu ghali kuliko zote. Mbio zilipigwa picha California na kamera 42, na madereva waliahidiwa zawadi ya fedha ili washindane kweli. Magari yalipogongana, yaligongana kweli, na ajali hiyo ikabaki kwenye filamu. Farasi wengi walikufa katika utengenezaji wake.

Kabla ya hapo, kazi ilipokuwa ikifanyika Italia, mtu mmoja alikufa katika mazoezi ya mbio hizo. Vita vya baharini vilipigwa picha karibu na bandari ya Livorno. Meli iliwashwa moto, moto ukazidi kipimo, na waigizaji wa kujaza umati wakajirusha majini na mavazi yao mazito. Inaelezwa kuwa wengine walikuwa wamesema wanajua kuogelea ilhali hawajui, kwa sababu walihitaji kibarua. Taarifa zinatofautiana hadi leo kama wapo waliokufa.

Hali kama hiyo ilijirudia kwenye Noah's Ark ya Michael Curtiz mwaka 1928, sinema bubu zikiwa ukingoni mwa maisha yake. Tani nyingi za maji ziliachiwa juu ya umati wa waigizaji. Watu waliumia, na simulizi zinazorudiwa tangu wakati huo zinadai kuwa watatu walizama.

Hawa hawakuwa nyota. Majina yao hayamo kwenye orodha ya mwisho wa filamu. Mzazi anayefanya vibarua, au aliyewahi kukubali kazi ya hatari kwa kuwa nyumbani kuna njaa, hatahitaji kufafanuliwa. Lakini mtoto anahitaji kuambiwa kwamba ule umati unaokimbia nyuma ya Ben-Hur ni watu, kila mmoja akiwa na kwao.

Nyingi hazipo tena

Mtoto akizipenda filamu hizi, atataka nyingine. Hapo mzazi atakutana na ukweli mmoja wa kusikitisha: nyingi hazipo tena.

Filamu za zamani zilitengenezwa kwa malighafi inayoshika moto upesi na kuoza. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni nyingi hazikuona faida ya kuzitunza. Cleopatra ya mwaka 1917, iliyochezwa na Theda Bara, ilikuwa gumzo la dunia wakati wake. Leo vimebaki vipande vifupi tu. Mwaka 1937 ghala la kampuni ya Fox liliungua huko New Jersey na kuteketeza filamu nyingi za wakati huo.

Taarifa iliyotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ilionyesha kuwa takriban asilimia 70 ya filamu ndefu za Marekani za enzi hiyo zinaaminika kupotea kabisa.

Cabiria ilibahatika. Jumba la makumbusho ya sinema la Turin liliikarabati na kuionyesha upya mwaka 2006, na sanamu la Moloki linatazamwa na wageni humo.

Namna ya kuangalia na mtoto

Enzi za sinema bubu ukumbi haukuwa kimya. Palikuwa na piano, na kwa filamu kubwa palikuwa na orkestra na kwaya. Nchini Japani palikuwa na wasimuliaji waliosimama kando ya skrini, wakieleza kisa na kuwaigizia wahusika sauti. Walipendwa kiasi kwamba watu wengine walikwenda kumsikiliza msimuliaji fulani zaidi ya kuona filamu.

Watu wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa hilo. Aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha video akisikiliza filamu ya kigeni ikisimuliwa kwa Kiswahili anajua kuwa msimuliaji hodari anaweza kuibadilisha filamu nzima. Nyumbani, kazi hiyo ni ya mzazi.

Kwanza, mzazi atangulie kuangalia mwenyewe. Babeli ya Griffith ina watu waliovaa nusu uchi na mapigano ya kukata vichwa. Ben-Hur ina maandamano yenye wasichana walioacha vifua wazi. Kafara ya Moloki inaweza kumwota mtoto wa miaka mitano usiku. Kwa wadogo, bahari ya jeli na tembo wa Hannibal vinatosha.

Pili, zisiangaliwe kwa mkupuo. Cabiria ina karibu saa tatu. Dakika 20 kwa jioni zinatosha, na bando litashukuru. Penye intaneti ya bure, ni vizuri kupakua mapema.

Tatu, mzazi asome maandishi ya kwenye skrini kwa sauti, kwa Kiswahili, hata kama tafsiri si kamili. Mtoto anayejua kusoma apewe zamu yake. Wengine hupenda kuwatungia wahusika maneno, na hapo kicheko hakikosekani.

Nne, mtoto akicheka kwa sababu watu wanatembea harakaharaka, aelezwe. Kamera za wakati huo zilizungushwa kwa mkono, kwa mwendo mdogo kuliko wa mashine za leo. Nakala iliyochezwa vibaya huwafanya wafalme watembee kama vifaranga. Inafaa kutafuta nakala iliyokarabatiwa.

Tano, baada ya kila kipande waulizane maswali matatu: Nani ametengeneza picha hii? Alitaka tumpende nani na tumwogope nani? Na yule tunayeogopeshwa, angepewa nafasi, angesimulia nini?

Maswali hayo hayaishii Karthago. Mtoto aliyeyazoea kwenye filamu ya mwaka 1914 atayatumia kwenye video aliyotumiwa jana na rafiki yake, iliyohaririwa kwa kompyuta na kupewa kichwa cha habari cha kutisha. Dunia anayokulia ina picha nyingi za uongo zenye sauti nzuri. Si vibaya akajifunzia kwenye zile zisizo na sauti.

Basi mtoto akiuliza kama ni kweli walikuwa wanawatupa watoto motoni, mama anaweza kupunguza moto wa jiko, akakaa karibu naye.

"Wapo waliosema ni kweli, mwanangu. Ila waliosema walikuwa maadui zao."

"Na wao wenyewe walisemaje?"

"Vitabu vyao vilipotea mji wao ulipochomwa."

Mtoto atanyamaza kidogo. Halafu, kama walivyo watoto, ataomba video irudishwe mwanzo. Safari hii ataitazama kwa macho mengine.